Wadau, ni siku ipi hasa iliyoigeuza Marekani na dunia baada ya Vita ya Pili?

Ticha_Mvomero

Habari za jioni wadau. Mi ni mwalimu wa historia, nafundisha form three na form four kwenye shule moja ya kata huku Morogoro, na leo nimetoka darasani na swali nimelibeba mpaka nyumbani. Tuko kwenye mada ya dunia baada ya Vita ya Pili, ubaoni nimejaza yale yale ya kila mwaka, 1945 Hiroshima na Umoja wa Mataifa, 1949 NATO, 1962 Cuba, 1989 ukuta wa Berlin, watoto wanaandika tu. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono akauliza, mwalimu, katika siku zote hizo ni ipi iliyobadilisha kitu ndani ya nyumba yetu? Yaani bibi yangu alilala, akaamka, nini kikawa tofauti?

Nikajibu Cuba maana ndo iliyonijia kichwani. Nikawaeleza zile siku 13 za Oktoba 1962, Marekani na Warusi walipokaribia kupigana kwa nyuklia sababu ya makombora ya Warusi kule Cuba, nikawapeleka mpaka Jumamosi ya tarehe 27 ndani ya nyambizi ya Warusi B-59, iko chini ya maji, hewa nzito, joto, juu meli za Marekani zinadondosha vilipuzi vya kuwalazimisha waibuke, ndani kuna topido ya nyuklia, na kwa masimulizi ya waliokuwemo kapteni alitaka kuifyatua ila afisa mwenzake, Vasili Arkhipov, akakataa. Watoto walitulia tuli mpaka kengele ikalia. Wakati natoka yule binti akaniambia kwa adabu kabisa, mwalimu, lakini hapo hakuna kilichotokea, ndo maana tupo.

Nimekosa la kumjibu. Sasa naomba msaada wenu, mtu anitajie siku moja tu, sio orodha, orodha ninayo, na aniambie iliingiaje mpaka nyumbani kwa mtu wa kawaida. Jumatatu kipindi cha pili narudi darasa lile lile.

BiDada_Kariakoo

Mwalimu pole na kazi, na huyo binti mshike vizuri ana akili sana. Mi nasema 15 Agosti 1971 na hapo hamnibandui.

Nafanya kazi kwenye bureau ya kubadilisha fedha Kariakoo, mwaka wa 11 huu. Asubuhi kitu cha kwanza kabla hata ya chai ni kupanga namba kwenye ule ubao, dola kununua dola kuuza, pauni, yuro, randi, na kuna wateja huwa hawaingii hata ndani, wanasimama barazani wanapiga picha ubao wanaondoka, wanaenda kupanga bei ya mzigo wao wa wiki hiyo. Sasa mwambie binti kabla ya 1971 ule ubao usingekuwa na kazi. Dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14, mwaka unaingia mwaka unatoka, namba ile ile. Leo ni zaidi ya 2,000.

Ilikuwa hivi. Julai 1944 vita bado inapiganwa, nchi 44 zilikaa hotelini kule Bretton Woods, New Hampshire, wakakubaliana kila nchi ifunge pesa yake kwenye dola, na dola yenyewe ifungwe kwenye dhahabu, wakia moja dola 35. Maana yake serikali ya nje ikiwa na dola zake inaweza kwenda kwa Mmarekani kumwambia chukua karatasi zako nipe dhahabu. Ikaenda vizuri miaka na miaka mpaka Marekani ikawa imetawanya dola nyingi kuliko dhahabu iliyoko stoo, vita ya Vietnam inakula pesa, bidhaa za Wajerumani na Wajapani zinaingia kwa wingi, Wafaransa wa Rais de Gaulle wakashtuka mapema wakaanza kubeba dhahabu yao. Kufika 1971 dhahabu iliyobaki ilikuwa ya kama dola bilioni 10 na dola zilizoko mikononi mwa wageni zilizidi hapo mbali sana. Wakidai wote kwa siku moja hakuna cha kuwalipa.

Rais Nixon wa Marekani akajifungia Camp David na washauri wake wikiendi nzima, Jumapili usiku akatokea kwenye TV akatangaza kwamba kubadilisha dola kwa dhahabu kumesimamishwa. Akasema kwa muda tu. Huo muda haujaisha mpaka leo. Waziri wake wa fedha, Connally, aliwaambia Wazungu wa Ulaya kwamba dola ni pesa yetu ila tatizo ni lenu, na wallahi hilo neno mi naliona kila siku pale kaunta, mama anauza vitenge kaja na shilingi zake kwenye mfuko, wiki jana zilitosha, wiki hii hazitoshi, na hajafanya kosa lolote. Nimewaona watu wazima wanahesabu mara tatu wakidhani wamedondosha noti njiani.

Machi 1973 pesa kubwa zote zikaachiwa zielee, yaani bei yake ipangwe na soko, Oktoba mwaka huo ikaja vita ya Mashariki ya Kati na Waarabu wakakata mafuta, ila kumbuka pia walikuwa wanalipwa kwa dola ambazo zinazidi kupungua nguvu. Pipa lilikuwa kama dola 3, Januari 1974 likawa linakaribia 12. Kwetu huku ilikuwa miaka ile ile ya ukame, nchi inanunua mahindi nje kwa dola na mafuta kwa dola hizo hizo. Muulize bibi yake huyo binti kuhusu foleni za unga, atakusimulia mpaka usiku.

Msafiri_NBI

Dada hapo kwa dola umeeleza vizuri sana na nimejifunza, lakini mimi siwezi kukubali siku ya hotuba ipite siku ya damu. Mimi niko Nairobi na jibu langu ni Ijumaa 7 Agosti 1998, siku al-Qaeda walipolipua balozi za Marekani hapa na Dar es Salaam.

Nilikuwa karani kijana kwenye ofisi hapo Haile Selassie Avenue, ghorofa ya tatu. Saa nne na nusu hivi asubuhi tukasikia mlio, sio mkubwa, kama guruneti, halafu kelele chini barabarani. Watu wakaacha viti wakaenda dirishani kuona ni nini. Mimi nilikuwa nimechuchumaa natafuta faili kwa droo ya chini kabisa na bosi alikuwa anaitaka haraka, ndio maana sikuenda. Ule wa pili ulipokuja kioo chote kiliingia ndani kwa wakati mmoja. Wale wenzangu waliokuwa dirishani, hebu tu niseme macho. Nairobi nzima siku ile waliumia hivyo, waliitwa dirishani na mlio wa kwanza.

Zaidi ya watu 200 walikufa hapa Nairobi na 11 Dar es Salaam kwa dakika karibu zile zile, na Wamarekani kati yao walikuwa 12. Hao wengine ni sisi, makarani, watu wa basi, wanafunzi wa chuo cha uhazili kwenye lile jengo la Ufundi lililoporomoka. Tarehe 20 mwezi huo huo Rais Clinton wa Marekani akarusha makombora Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa Khartoum. Kwa hivyo watoto wakikwambia mwalimu dunia ilibadilika 11 Septemba 2001, waambie vita hiyo ilikuwa imeshafika kwetu miaka mitatu kabla, ni vile tu dunia ilituonea huruma wiki mbili ikaendelea na mambo yake.

Na nyumbani iliingiaje? Kabla ya hapo ungeingia jengo lolote mjini bila mtu kukuuliza. Leo mtoto wangu anaenda supermaket kununua mkate, anafungua begi langoni, askari anamulika na kifaa, gari inapitishiwa kioo chini, na kwake ni kawaida kabisa, hajawahi kuona mji mwingine. Mimi mpaka leo nikisikia mlio siendi dirishani.

Ticha_Mvomero

Msafiri pole sana ndugu yangu. Nimesoma mara mbili. Nilikuwa mdogo 1998, nakumbuka tu redio ya nyumbani ilikuwa wazi siku nzima na baba hakwenda shamba.

Mtoto_wa_Kurasini

Pole kaka Msafiri, Mungu awarehemu wote.

Mwalimu mi naleta siku ambayo hakuna hata mmoja wenu ataijua lakini nyote sasa hivi mmekalia, mmevaa au mmeshika kitu kilicholetwa na siku hiyo. 26 Aprili 1956, bandari ya Newark, New Jersey. Meli moja ya zamani ya mafuta ya wakati wa vita, jina lake Ideal-X, iliondoka pale kwenda Houston, Texas ikiwa na masanduku ya chuma 58 juu ya sitaha. Basi. Ni kontena.

Baba yangu alikuwa kuli bandari ya Dar tangu mkoloni hajaondoka, ndo maana nalijua hili jambo kwa undani, nimelitafuta miaka. Kazi yao ilikuwa hivi, meli inafunga gati, genge linashuka ndani ya ngama, yaani tumbo la meli, mnapanga marobota ya katani, magunia ya kahawa, korosho, mkono mmoja una ndoano unachoma gunia unavuta, linawekwa kwenye wavu, winchi inanyanyua, mwingine juu anapokea. Gunia kwa gunia. Meli inaweza kukaa gatini wiki nzima na zaidi. Baba alirudi nyumbani na vumbi la katani kwenye nyusi, bega la kulia lilikuwa na sugu inang'aa kama ngozi ya kiatu, sisi watoto tulikuwa tunaigusa. Lakini hao makuli walikuwa na nguvu ambayo karani hana, wakikunja mikono nchi nzima inasimama, ndo maana migomo mikubwa ya wafanyakazi Dar na Mombasa mwaka 1947 ilianzia kwenye bandari, watu wanasahau.

Sasa huko Marekani kulikuwa na jamaa wa malori toka North Carolina, Malcom McLean. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba zamani alipeleka marobota ya pamba bandarini, akakaa kwenye lori lake siku nzima anaangalia makuli wanabeba moja moja, akawaza kwa nini lisinyanyuliwe sanduku lote la lori kama lilivyo likawekwa melini. Ilimchukua karibu miaka 20 mpaka akanunua meli. Ile siku ya Aprili walipopiga hesabu, kupakia tani moja kwa njia ya zamani ilikuwa dola 5 na senti 83, kwa sanduku ikawa chini ya senti 16. Rudia hiyo hesabu darasani mwalimu, waandike ubaoni, watoto wagawanye wenyewe.

Haikuenea siku moja. Kila kampuni ilikuwa na saizi yake, McLean futi 35, wenzake wa Matson kule Pasifiki futi 24, hayapandani. Yalibishaniwa miaka mpaka zikakubaliwa hizi futi 20 na 40 tunazozijua mpaka mtaani, na McLean aliachia hakimiliki ya zile kona za kufungia ili dunia nzima itumie aina moja, hilo namheshimu nalo. Halafu ikaja Vietnam, dada wa Kariakoo hapa tunakutana mimi na wewe. Jeshi la Marekani lilikuwa na meli zimejazana kule haziteremki mzigo, 1967 kampuni ya McLean ikapewa kazi ya kupeleka makontena Cam Ranh Bay. Kwenda anapeleka mizigo ya jeshi, kurudi makontena matupu, na safari imeshalipiwa. Akasema kwa nini nirudi bure, akapitia Japani akajaza redio na TV. Ndo hapo bidhaa za Asia zilianza kumwagika Marekani kwa bei ya chini na viwanda vyao vikaanza kufa kimoja kimoja, yale majimbo ambayo leo yanapiga kura kwa hasira, hasira yenyewe ina mizizi pale.

Makuli wa kule walikaa mezani na matajiri wakapata kitu. Harry Bridges na chama chake cha makuli wa Pasifiki walisaini mkataba 1960, mashine ziingie lakini hakuna anayefukuzwa na kuna mfuko wa kustaafu. Gati za London zilifungwa moja moja mpaka pakawa hamna kuli. Baba yangu hakupata mkataba. Miaka ya themanini kreni za makontena zilipofika magenge yakawa yanaitwa siku mbili kwa wiki, halafu moja, halafu wakaacha kuitwa. Hakuna aliyemwambia imeisha. Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri anavaa, anakaa kitandani.

Mwalimu, binti akiuliza nini kilibadilika nyumbani, mwambie aangalie sandarusi, ndoo, simu, sketi ya shule, mtumba, sola, vyote vilikuja ndani ya hilo sanduku, na fundi viatu anafanyia kazi ndani ya hilo sanduku pale stendi.

BiDada_Kariakoo

Kaka umenifanya nitoke nje kuangalia, duka letu lenyewe linatazamana na makontena mawili ya vipuri. Bado nabaki na 1971 yangu maana bila dola kuelea huo mzigo ungelipiwa kwa mahesabu mengine kabisa, ila sikuwahi kufikiria ngama na ndoano. Mzee bado yupo?

Mtoto_wa_Kurasini

Alifariki 2004 dada. Asante kwa kumuuliza.

Bukavu_Berlin

Salamu ndugu zangu, mimi ni mtu wa Bukavu, niko Berlin mwaka wa tisa. Mwalimu ulitaja ukuta kama kitu cha orodha tu na mimi imeniuma kidogo, acha niseme.

Kila siku nikienda kazi tramu yangu inapita Bornholmer Straße, pale darajani. Wameacha kipande cha ukuta na kuna miti ya maua ya pinki ambayo Wajapani walichangia pesa ikapandwa, Aprili panajaa watu wa kupiga picha. Usiku wa 9 Novemba 1989 pale palikuwa na afisa mmoja wa mpakani, Harald Jäger. Jioni ile msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, Schabowski, alikuwa anasoma karatasi mbele ya waandishi kwamba raia wataruhusiwa kusafiri. Mwandishi akauliza kuanzia lini. Yeye hakuwa kwenye mkutano uliopanga, akageuza karatasi, akatafuta, akasema kwa ninavyojua mimi ni mara moja, sasa hivi. Ilitakiwa iwe kesho yake na kwa utaratibu wa viza. Watu wakasikia kwa TV wakatoka na makoti yao wakaenda mpakani, mia, elfu, Jäger anapiga simu kwa wakubwa, wakubwa hawana jibu, wengine wanamuuliza yeye kama anaogopa. Saa tano na nusu usiku akaamuru wafungue. Risasi hata moja haikulia.

Nyumbani kwetu iliingia hivi. Baba alikuwa mwalimu kama wewe, mshahara wa Zaire. Rais wetu Mobutu alikuwa rafiki mkubwa wa Marekani sababu ya Warusi, Juni 1989 ndiye rais wa kwanza wa Afrika kupokelewa na Bush Ikulu ya Washington. Siku ya Noeli mwaka huo rafiki yake Ceauşescu wa Romania akapigwa risasi pamoja na mke wake na picha zikaonyeshwa dunia nzima. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akasimama N'Sele, nje ya Kinshasa, akatangaza vyama vingi, akalia machozi. Baba alisema alizima redio akaenda nje kuangalia kama majirani nao wamesikia, maana alidhani amesikia vibaya. Mwaka ule ule Congress, yaani bunge la Marekani, ikakata msaada wa kijeshi. Warusi hawapo tena, mlinzi wa mlango hana kazi. Nchi iliachwa kama nyumba ambayo aliyeishikilia ametoa mkono, na mwaka 1996 vita ikapita mlangoni kwetu, Mei 1997 Mobutu akakimbia. Mimi ningekuwa Bukavu sasa hivi na wajomba zangu wawili wangekuwa hai.

Wenzangu wa hapa wakisherehekea Novemba wananiuliza mbona nimenyamaza. Nafurahi kwa ajili yao kabisa, wale watu walikuwa wamefungiwa. Lakini ule mlango ulipofunguka hapa, upepo wake ulifika mpaka kwetu.

Ticha_Mvomero

Wadau nimekaa na hii thredi tangu saa mbili mpaka mshumaa umebadilishwa, umeme hamna. Nimeamua hivi. Jumatatu sitataja siku hata moja. Nitawapa kazi kila mtoto aende nyumbani achague kitu kimoja, ndoo, noti, redio, chochote, amuulize mtu mzima kilianza lini kuwepo hapo na kabla yake walitumia nini, halafu Alhamisi tunazipanga kwenye mstari mmoja ukutani na hizi nne zenu nazo nitazibandika humo, bila majina. Msafiri kama hutaki yako isomwe niambie, nitaiacha.

Mtoto wa Kurasini nina ombi. Ile ndoano ya mzee bado mnayo? Watoto wangu wengi hawajawahi kuona bahari, ukinitumia picha nitaichora ubaoni kwa ukubwa wake.

Msafiri_NBI

Soma mwalimu. Waambie tu wasicheke ile sehemu ya faili.

Mtoto_wa_Kurasini

Ipo mwalimu, mpini umelika upande mmoja pale kidole gumba kilipokuwa kinakaa. Mama kaipigilia juu ya mlango wa jikoni anatundikia kikapu cha vitunguu. Kesho kukipambazuka nakupigia picha, nitaweka rula pembeni.